Jinsi ya kuandika historia ya uchaguzi ya wadi ya zamani ya udiwani nchini Kenya

Wakenya walichagua madiwani kwa mara ya mwisho katika uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa yalivunjwa. Wadi zake, ambazo zilikuwa zaidi ya 2,000, zikafutwa, na wadi 1,450 za mabunge ya kaunti zikachukua nafasi yake. Majina mengi yalibaki yale yale, na hapo ndipo watu hupotea. Jina la wadi halithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni mipaka, kwa hiyo usianze na kura.

Anza kwa kulijua baraza lenyewe. Kabla ya 2013, "baraza la kaunti" lilikuwa baraza la sehemu za mashambani za wilaya, wala halikuwa na uhusiano na kaunti 47 za leo. Miji ndani ya wilaya hiyo hiyo ilikuwa na mabaraza yake: manispaa au baraza la mji. Wadi za Thika zilikuwa chini ya Manispaa ya Thika, si Baraza la Kaunti la Kiambu, ingawa leo zote ziko Kaunti ya Kiambu. Baadhi ya mabaraza hayakubeba hata jina la wilaya yake. La Kajiado liliitwa Olkejuado, la Machakos liliitwa Masaku, la Kisii liliitwa Gusii. Ukitafuta "Kajiado" peke yake kwenye nyaraka za zamani utakosa nusu ya unachotaka. Tena majina kama Township na Majengo yamo katika miji mingi, kwa hiyo kila unapoandika jina la wadi, andika na baraza lake ubavuni.

Kisha tafuta wadi ilikuwa imebeba nini. Kipimo kizuri ni kata ndogo, eneo la naibu wa chifu. (Msomaji wa Tanzania akumbuke kwamba kata ya Kenya ni eneo la chifu, si eneo la diwani.) Kwa upande wa wadi mpya kazi ni rahisi: Tangazo la Kisheria Namba 14 la 2012, lililotolewa na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, linaorodhesha kila wadi kwa namba, idadi ya watu, ukubwa kwa kilomita za mraba, na kata ndogo zinazoiunda. Angalia sana neno "sehemu". Kata ndogo iliyoandikwa "sehemu" imegawanywa kati ya wadi mbili au zaidi. Kesi za mipaka nazo ziliamuliwa na Mahakama Kuu Julai 2012, na baadhi ya wadi zikabadilishwa, kwa hiyo soma tangazo pamoja na uamuzi huo.

Kwa wadi ya zamani, njia ya uhakika ni vituo vya kupigia kura. Karibu kila kituo cha mashambani kilikuwa shule ya msingi, na shule huishi kuliko wadi. Pata orodha ya vituo vya wadi hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali, halafu tafuta kila shule katika orodha ya sasa ya vituo vya IEBC, ambayo huonyesha wadi ya kila kituo. Shule 9 kati ya 12 zikiangukia wadi moja mpya na 3 nyingine ya jirani, umeshajua wadi ilivyokatwa. Kosa la kawaida hapa ni shule iliyobadilishwa jina, au shule ya mpakani iliyohudumia watu wa pande mbili. Hakikisha kwa kuangalia kata ndogo.

Sasa tengeneza jedwali, mstari mmoja kwa kila mgombea, wala si kwa kila uchaguzi. Weka tarehe, aina ya uchaguzi (mkuu au mdogo), jina, chama, kura, waliojiandikisha, kura zilizokataliwa, na chanzo. Safu ya chanzo usiiache tupu hata mara moja.

Kwa miaka ya vyama vingi, tarehe ni Desemba 29, 1992. Desemba 29, 1997. Desemba 27, 2002. Na Desemba 27, 2007. Siku hizo mpigakura alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Gazeti Rasmi ndilo la kutegemea kwa jina la aliyechaguliwa, lakini usitarajie kura za walioshindwa humo. Kura zitafute kwenye magazeti ya habari ya wiki mbili tatu baada ya uchaguzi, si ya kesho yake, kwa sababu matokeo ya rais na wabunge yalijaza kurasa kwanza. Ukitafuta kwenye nakala za kidijitali za Gazeti Rasmi, andika jina la baraza badala ya jina la wadi. Kompyuta husoma vibaya maandishi madogo yaliyofifia, na majina ya wadi ndiyo huharibika zaidi.

Miaka ya nyuma inataka uangalifu zaidi. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968, fomu za wagombea wa KPU, chama cha upinzani, zilikataliwa karibu zote, kwa hiyo usishangae kukuta "bila kupingwa" wadi baada ya wadi. Usiandike kwamba mgombea huyo alikuwa na asilimia 100 ya kura. Hakuna aliyepiga kura. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969, na tangu hapo hadi Desemba 1991 safu ya chama ni KANU, chama tawala, tupu. Tofauti ziko kati ya watu, si vyama. Mchujo wa mlolongo wa 1988 uweke kando kabisa na kura za karatasi: watu walipanga foleni nyuma ya mgombea na vichwa vikahesabiwa. Nyaraka za miaka hii zitafute kwenye faili za wilaya, kwa kuwa mkuu wa wilaya ndiye aliyesimamia uchaguzi. Nyingi ziko Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Fomu za uteuzi huwa na namba za vitambulisho, usizinakili.

Wadi za Nairobi zina pengo la kweli. Baraza la Jiji lilisimamishwa 1983, na jiji likaendeshwa na tume hadi 1992. Andika "hapakuwa na diwani", usiache nafasi wazi kana kwamba hukupata habari.

Madiwani wa kuteuliwa hawakuwa na wadi, kwa hiyo hawaingii kwenye jedwali hata kama waliishi hapo. Uchaguzi wa meya nao ulifanywa na madiwani ndani ya ukumbi wa baraza. Uandike kwenye maelezo.

Hesabu huharibika kwenye kigawanyo. Tuseme wagombea watatu walipata 1,840, 1,310 na 450, kura 90 zikakataliwa, na waliojiandikisha ni 6,000. Kura halali ni 3,600, kwa hiyo mshindi ana asilimia 51.1. Ukigawanya kwa 3,690 atashuka hadi 49.9, na utakuwa umemnyang'anya wingi wake kwa kosa la kalamu. Hizo 3,690 ni za kupimia waliojitokeza: asilimia 61.5. Vyanzo viwili vikitofautiana, andika takwimu zote mbili na ueleze ipi umeitumia.

Mstari wa mwisho wa jedwali uwe kufutwa kwa wadi, pamoja na orodha ya kata ndogo na wadi mpya zilikokwenda. Usikokotoe kupanda au kushuka kwa chama kati ya 2007 na 2013, hata jina likiwa lile lile. Ukitaka kuendelea na matokeo ya 2013, fungua jedwali jipya.