Somo: Kutambua Uharibifu wa Daraja kwa Kupima Mtetemo Wake

Ukigonga kikombe kizima kisha ukagonga chenye ufa, sikio hutofautisha kabla jicho halijauona ufa wenyewe. Daraja nalo lina sauti yake, ila ni nzito mno kwa sikio la binadamu, kwani madaraja mengi ya ukubwa wa kati hutetemeka kwa hezi chache tu (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde), ilhali sisi huanza kusikia kwenye hezi 20 hivi. Kazi ya somo hili ni kuisoma sauti hiyo kwa vifaa, na kujua ni lini ituamshe na ni lini tuipuuze.

Masafa asilia ya daraja, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde likiachwa litetemeke lenyewe, hutokana na ukakamavu wake, yaani jinsi linavyokataa kupinda, pamoja na uzito wake. Masafa hayo hufuata kipeuo cha pili cha ukakamavu ukigawanywa kwa uzito, hivyo ukakamavu wa daraja zima ukipungua kwa asilimia 10, masafa hushuka kwa takriban asilimia 5 tu. Ufa wa kweli huwa mahali pamoja, si daraja zima, kwa hiyo mabadiliko tunayoyatafuta mara nyingi ni madogo kuliko hapo. Naomba msomaji aibebe tarakimu hiyo ya 5 hadi hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: lisome daraja kabla ya kufungua masanduku ya vifaa. Pitia michoro, tembea juu na chini yake, angalia kama beringi, yaani viegemeo ambavyo daraja hulalia, zimejaa uchafu au kutu, na kama maungio ya kutanukia bado yana nafasi. Beringi iliyokwama hulifanya daraja liwe kakamavu zaidi na masafa yakapanda, na mtu asiyeijua hali hiyo atadhani daraja limepata nafuu. Kadiria pia masafa unayoyatarajia. Kwa boriti iliyoegemea ncha zake mbili, urefu ukiongezeka mara mbili bila kubadili umbo la boriti, masafa hubaki robo ya yale ya awali.

Hatua ya pili: panga vihisi vya mchapuko, yaani vifaa vinavyopima jinsi mwendo wa daraja unavyobadilika linapotetemeka. Daraja halitetemeki kwa namna moja. Katika namna ya kwanza sehemu ya kati ndiyo inayopanda na kushuka zaidi, lakini katika ya pili sehemu hiyo hiyo hutulia kabisa huku robo mbili zikicheza kwa kupokezana. Mahali palipotulia huitwa nodi, na kihisi kilichowekwa kwenye nodi hakitaona kitu. Kwa hiyo usiridhike na kihisi kimoja cha katikati. Weka kwenye robo, kwenye theluthi, na kwenye pande zote mbili za barabara ili mtetemo wa kujisokota nao uonekane. Kihisi kifungwe kwenye boriti au zege lenyewe. Niliwahi kupoteza siku mbili nikifuatilia kilele kizuri cha hezi 11 kwenye grafu ya masafa, kumbe ni bamba la chuma lililolegea ambalo kihisi kilikuwa kimegandishwa juu yake.

Hatua ya tatu: rekodi kwa muda wa kutosha. Hakuna haja ya kulitikisa daraja, kwa kuwa magari na upepo hufanya kazi hiyo bure. Sampuli 100 kwa sekunde zinatosha kwa madaraja mengi, mradi saa za vihisi vyote ziende pamoja. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kurekodi mizunguko 1,000 hadi 2,000 ya namna ya kwanza. Daraja la hezi 2.5 litahitaji sekunde 400 hadi 800. Kumbuka kwamba rekodi ya sekunde 10 haiwezi kutenganisha masafa yanayopishana kwa chini ya hezi 0.1, hata programu ikikuchorea grafu ya kupendeza. Pima na joto, tena joto la zege au chuma chenyewe, si la hewa peke yake.

Hatua ya nne: toa masafa na maumbo, yaani jinsi daraja linavyopinda katika kila namna ya kutetemeka. Gawa rekodi vipande vinavyopishana, pitisha kila kipande kwenye hesabu ya Fourier, inayouchambua mtetemo katika masafa yanayouunda, kisha chukua wastani ili vilele vya kweli vibaki na kelele ipungue. Kilele kinachoonekana kwenye kihisi kimoja tu kishuku.

Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi: ijue tabia ya daraja likiwa zima. Katika daraja la Alamosa Canyon, New Mexico, watafiti waliona masafa ya kwanza yakibadilika kwa takriban asilimia 5 ndani ya saa 24, kwa sababu ya jua na joto tu, bila bolti hata moja kuguswa. Ile asilimia 5 niliyoomba ibebwe imeliwa yote na siku moja ya kawaida. Daraja la Z24 nchini Uswisi, lililofuatiliwa kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi na kubomolewa mwaka 1998, lilionyesha jambo jingine: joto liliposhuka chini ya nyuzi 0, lami iliganda, ikaongeza ukakamavu, na masafa yakapanda ghafla. Kwa hiyo kusanya vipimo vya misimu yote, tafuta uhusiano wa masafa na joto, kisha ufuatilie kile kinachobaki baada ya athari ya joto kuondolewa. Mabaki hayo ndiyo yenye habari.

Hatua ya sita: toa hukumu kwa tahadhari. Mwaka 1993, kwenye daraja la barabara ya I-40 juu ya mto Rio Grande huko Albuquerque, mhimili wa chuma ulikatwa kwa majaribio, kwa awamu nne. Awamu tatu za mwanzo hazikushusha masafa kwa kiasi cha kuaminika. Ni pale kitako cha chini cha mhimili, yaani bamba lake pana la chini, kilipokatwa chote ndipo masafa ya kwanza yaliposhuka, kutoka hezi 2.5 hivi hadi 2.3. Masafa yasipobadilika, basi, hayathibitishi kwamba daraja ni zima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa somo. Je, simu ya mkononi inaweza kutumika?

Jibu: Marahaba. Kwa daraja jepesi la waenda kwa miguu, simu itakuonyesha kilele cha kwanza na utajifunza mengi. Kwa kufuatilia mabadiliko ya asilimia moja au mbili kwenye daraja zito la zege, kelele ya kihisi chake ni kubwa mno, na saa ya simu moja haiendi sawa na ya nyingine.

Swali: Nikipata masafa pekee, naweza kujua ufa uko wapi?

Jibu: Kwa shida. Katika boriti yenye ulinganifu, ufa wa robo ya kushoto na wa robo ya kulia hushusha masafa sawasawa. Mahali pa ufa hutafutwa kwenye maumbo ya mtetemo, hasa mpindo wake, na hapo vihisi vichache havitoshi.

Swali: Daraja letu ni la zege lenye nyaya zilizovutwa. Waya ukikatika, masafa yatashuka?

Jibu: Usitegemee hivyo. Maadamu zege bado limebanwa na nyufa hazijafunguka, ukakamavu hubaki karibu vile vile hata mvuto wa nyaya ukipungua. Nyaya za nje za madaraja ya kuning'inia ni habari nyingine, kwa kuwa masafa ya waya hufuata kipeuo cha pili cha mvuto wake. Ukijua urefu na uzito wa waya kwa kila mita, unaweza kuukokotoa mvuto huo moja kwa moja.