Somo: Kumtazama kasa akitaga bila kumshtua

Usiku mmoja pale ufuo wa Nyali, Mombasa, nilimwona kasa akigeuka kurudi majini na mayai yake tumboni. Watu walikuwa kimya kabisa, ila mmoja aliwasha tochi. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Zima tochi na simu kabla hujashuka mchangani. Lazima uone? Tumia mwanga mwekundu hafifu. Kasa huona vizuri buluu na kijani, nyekundu kwa shida.

Hatua ya 2. Akitoka majini, keti palepale ulipo. Huo ndio wakati anaoshtuka upesi zaidi, hata kwa kivuli kinachosogea.

Hatua ya 3. Ngoja aanze kutaga, ndipo umkaribie kwa nyuma, taratibu. Usimguse. Gamba lake lina neva, mkono wako anausikia.

Hatua ya 4. Baada ya miezi kama 2 watoto huanguliwa. Mara nyingi kiota huwa na mayai zaidi ya 100, na mtoto mmoja huchimba kwa shida sana akiwa peke yake. Mmoja akifurukuta, huwaamsha waliopumzika, wote wakapanda pamoja. Watafiti wamewahi hata kurekodi sauti kutoka ndani ya mayai! Wakifika juu hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Majini hukabili mawimbi, kisha huongozwa na sumaku ya dunia. Taa ya ukumbini huwapeleka barabarani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Tukiwakuta wamefuata taa, tufanyeje?
Marahaba. Zimeni taa kwanza, kisha waiteni KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya. Msiwamulike wala kuwapiga picha za flashi.

Kwa nini kasa hula plastiki, haoni?
Anaona, tena ananusa. Plastiki iliyokaa baharini huota mwani na vijidudu, ikanukia kama chakula. Kwa kasa, mfuko huo ni chakula kwa macho na kwa pua.

Harusi zetu Bamburi hufanyika ufuoni. Muziki unamsumbua? Mbona hana masikio?
Masikio anayo, yamefunikwa na ngozi. Husikia sauti nzito, takriban hertz (mitetemo kwa sekunde) 100 hadi 1,000, kwa hiyo ngoma na besi zinamfikia. Msimu wa kutaga, hamishieni spika ndani na elekezeni taa zote upande wa nyumba.