Namna ya kusoma kwa masafa ukiwa Pemba, na kuyamaliza masomo

Elimu ya masafa si jambo geni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kuendesha masomo kwa njia ya posta katika miaka ya 1970, na mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mkongo wa kwanza wa mawasiliano wa baharini ulipofika pwani yetu mwaka 2009, masomo yaliyokuwa yakisafiri ndani ya bahasha yakaanza kufika kwenye simu. Leo mwalimu wa skuli ya Micheweni au muuguzi wa Mkoani anaweza kutafuta shahada bila ya kuacha kazi wala kuhama nyumbani. Kujiunga kumekuwa rahisi. Kumaliza bado ni kazi, na mwongozo huu unahusu zaidi huko kumaliza.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba chuo na programu unayoitaka vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa chuo cha nje ya nchi, iulize Tume mapema kama shahada yake itakubaliwa hapa, kwa sababu cheti kisichotambuliwa hakitakupandisha daraja kazini hata kama ulikisomea kwa jasho.

Swali linalofuata ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: mitihani hufanyika wapi? Watu wengi huangalia ada peke yake, kisha wakagundua kwamba kila muhula watahitaji nauli ya boti, malazi ya siku kadhaa Unguja au Dar es Salaam, na ruhusa ya mwajiri. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba, na kwa mtu wa Konde au Wete tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo jumlisha ada, safari na siku za kazi utakazozikosa, ndipo ulinganishe chuo kimoja na kingine. Ikiwa kozi ina mafunzo ya vitendo, kama maabara au wodi, uliza pia yatafanyika wapi na chini ya usimamizi wa nani. Hayo hayasomeki kwenye kioo cha simu.

Ukishajiunga, panga idadi ya masomo kwa kuitazama kalenda yako halisi. Mwezi wa Ramadhani una futari, tarawehe na usingizi mfupi, na mwaka ambao karafuu zimezaa vizuri nyumba nzima huwa kwenye kuchuma, kuchambua na kuanika. Muhula unaoangukia humo uchukulie masomo machache. Kuchelewa mwaka mmoja si aibu, ilhali kufeli masomo matatu kwa mpigo ndiko kunakowavunja watu moyo wakaacha kabisa.

Kuhusu mtandao, jiandae kana kwamba utakatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku mtandao ukiwa mzuri, pakua somo zima la mwezi. Tenga folda moja kwa kila kozi, na jina la kila faili lianze kwa namba ya wiki yenye tarakimu mbili, kama 03, ili wiki ya 3 isije ikajificha nyuma ya 11. Kisha weka nakala kwenye flashi. Kazi za kuandika ziandike nje ya mtandao, uzitume siku mbili kabla ya mwisho, na uihifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha kwamba zimepokewa. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako pale mfumo wa chuo utakapodai kwamba hukutuma.

Tafuta wenzako watatu au wanne wanaosoma kozi hiyohiyo, mkutane mara moja kwa wiki baada ya sala ya Alasiri, kwenye maktaba au nyumbani kwa mmoja wenu. Kundi la WhatsApp linafaa kwa kupeana taarifa na nukuu, lakini halimlazimishi mtu kufikiri. Mkikutana, kila mmoja aeleze sehemu moja kwa Kiswahili bila ya kutazama karatasi, kisha wote mjibu swali moja la mtihani uliopita kwa kalamu na kwa saa iliyopangwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu mtu aliyetazama video muhula mzima bila ya kuandika kwa mkono hushtukia dakika zimekwisha na nusu ya majibu bado imo kichwani.

Programu za akili mnemba nazo zitazidi kuingia katika masomo haya. Itumie kuomba ufafanuzi wa dhana ngumu au maswali ya kujipima, na jibu lake ulilinganishe na kitabu cha kozi. Usiiachie ikuandikie kazi, kwani hutakuwa nayo ndani ya chumba cha mtihani.

Dirisha la udahili linapokaribia, nenda mwenyewe kwenye afisi ya kituo ukiwa na vyeti halisi, nakala zake na cheti cha kuzaliwa. Omba ratiba ya mitihani ya mwaka uliopita, na ukiwa hapohapo muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili ni masomo yapi yaliyomchelewesha.