Boriti yenye roshani: kutafuta nguvu ya kukata na momenti ya kupinda hatua kwa hatua

Boriti nitakayoitumia katika mwongozo huu ni ya kawaida katika nyumba za ghorofa zinazojengwa mijini kwetu. Inaanzia juu ya nguzo A, inapita juu ya nguzo B iliyo umbali wa mita 6, kisha inachomoza nje mita 2 zaidi hadi ncha C ili kubeba roshani. Nimeichagua badala ya boriti iliyolala juu ya nguzo mbili tu, ambayo ndiyo iliyojaa katika mazoezi ya darasani, kwa sababu ile haimlazimishi mtu kujiuliza nondo kuu zikae upande gani.

Swali hilo si la darasani. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama roshani ambayo mirunda yake ilikuwa imeng'olewa asubuhi hiyohiyo. Sakafu ilikuwa imepasuka kwa mstari mmoja ulionyooka juu ya ukuta wa nje, na ufa ulitosha kupitisha ukingo wa sarafu. Fundi alikuwa amelaza nondo nne nene chini ya boriti kutoka mwanzo hadi ncha, na juu akaweka mbili nyembamba za kushikia ringi tu, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo.

Hatua ya 1: Kukusanya mizigo

Tuseme boriti inabeba upana wa sakafu wa mita 3. Slabu ya milimita 125, kwa zege lenye nondo ambalo uzito wake ni kilonyutoni (kN) 25 kwa mita ya ujazo, inatoa takriban 9.4 kN kwa kila mita ya boriti. Uzito wa boriti yenyewe, yenye upana wa milimita 230 na kina cha milimita 450, ni 2.6 kN kwa mita. Ukiongeza vigae na lipu, mzigo wa kudumu unafika 14 kN kwa mita. Watu na samani, kwa makadirio ya 2 kN kwa mita ya mraba, wanaongeza 6. Jumla ni 20 kN kwa mita, iliyosambaa mita zote 8. Kwenye ncha C kuna ukuta mfupi wa kinga, ambao tutauhesabu kuwa mzigo wa 10 kN ulio mahali pamoja.

Hatua ya 2: Kutafuta mijibizo ya nguzo

Nguzo huisukuma boriti kwenda juu kwa nguvu tunazoziita mijibizo. Ili kuzipata, jumlisha momenti zote kuzunguka A, momenti ikiwa ni nguvu mara umbali wake kutoka A (umbali huo huitwa mkono), kwani mjibizo wa A hauna mkono pale na hivyo unatoka nje ya hesabu. Mzigo uliosambaa una jumla ya 160 kN, na kitovu chake kipo mita 4 kutoka A. Kwa hiyo:

B × 6 = 160 × 4 + 10 × 8 = 720, ndipo B = 120 kN.

Mizigo yote ni 170 kN, kwa hiyo A inabaki na 50 kN. Angalia jinsi nguzo B ilivyobeba zaidi ya mara mbili ya A. Anayegawa mzigo nusu kwa nusu kwa mazoea atakuwa amekosea hata msingi wa nguzo hiyo.

Hatua ya 3: Kuikata boriti kwa fikra

Wengi hukariri fomula kisha wakazisahau, ilhali wazo lenyewe ni jepesi. Ikate boriti kwa fikra mahali popote, tupa kipande cha kulia, kisha ujiulize kile kilichobaki kushoto kinahitaji nini ili kisianguke wala kisizunguke. Kinahitaji nguvu ya wima kwenye uso uliokatwa, nayo ndiyo nguvu ya kukata; na kinahitaji kuzuiwa kuzunguka, nayo ndiyo momenti ya kupinda.

Chagua alama mara moja na usizibadilishe njiani. Mimi huhesabu nguvu za kushoto zinazokwenda juu kuwa chanya, na momenti inayoifanya boriti ibonyee katikati, nyuzi zake za chini zikavutwa, kuwa chanya pia. Boriti inapobinuka juu ya nguzo, nyuzi za juu ndizo zinazovutwa, na momenti inakuwa hasi. Nondo kuu hukaa upande unaovutwa.

Hatua ya 4: Mchoro wa nguvu ya kukata

Tembea kutoka kushoto kwenda kulia ukiandika hesabu kama mwenye duka anavyofunga daftari. Ukifika A unapokea 50. Kila mita unayopita inakunyang'anya 20, kwa hiyo kabla tu ya B unakuwa na 50 − 120 = −70 kN. Juu ya B unapokea 120 kwa mpigo mmoja na kuruka hadi +50. Mita mbili za roshani zinachukua 40, unabaki na 10, na ukuta wa kinga unaimaliza hiyo 10. Mchoro umefunga kwenye sifuri. Usipofunga, rudi Hatua ya 2, kwani kosa liko huko karibu kila mara.

Mahali ambapo nguvu ya kukata inavuka sifuri ndani ya AB ni 50 ÷ 20 = mita 2.5 kutoka A. Weka alama hapo. Nguvu ya kukata ndiyo mwinuko wa mchoro wa momenti, kwa hiyo pale inapokuwa sifuri, momenti imeacha kupanda na haijaanza kushuka.

Hatua ya 5: Mchoro wa momenti

Kwenye mita 2.5, kipande cha kushoto kinatoa 50 × 2.5 − 20 × 2.5 × 1.25 = 62.5 kNm (kilonyutoni-mita), chanya. Juu ya B inakuwa 50 × 6 − 20 × 6 × 3 = −60 kNm. Momenti ya juu ya nguzo inakaribia kulingana na ile ya katikati, ila imegeuka upande. Nondo za fundi yule zilikuwa mahali sahihi kwa ile 62.5, na hazikuwa na kazi yoyote ya maana kwa ile 60.

Momenti inapita kutoka chanya kwenda hasi mahali fulani kati ya hizo mbili. Kwa umbali x kutoka A, momenti ni 50x − 10x², ambayo inarudi sifuri x ikiwa mita 5. Kwa hiyo mita 1 kabla ya kufika B, boriti inaacha kubonyea na kuanza kubinuka.

Hatua ya 6: Kuhakiki kutoka upande wa pili

Usiamini hesabu iliyofanywa kutoka upande mmoja. Simama C ukitazama B: ukuta wa kinga unatoa 10 × 2 = 20, na roshani yenyewe 40 × 1 = 40. Jumla ni 60, nayo inaibinua boriti, kama tulivyopata. Njia nyingine ni kupima maeneo ya mchoro wa nguvu ya kukata: pembetatu ya kwanza ni 62.5 na ya pili ni 122.5, na tofauti yake inakupa tena −60.

Hatua ya 7: Kuhamisha mzigo

Hapa ndipo ninapoona michoro mingi ya wahandisi vijana ikikomea mapema. Ule mzigo wa 6 kN kwa mita ni wa watu, na watu hawakai mahali pamoja. Siku ya sherehe wageni wakiwa wote ndani na roshani ikawa tupu, roshani itabaki na 14. Mjibizo wa A unakuwa 52, na momenti ya katikati inapanda hadi 67.6 kNm. Ongezeko hilo si kubwa, lakini mchoro wa mwanzo haukulionyesha.

Sasa wageuze. Wote wametoka kwenye roshani kutazama maandamano yanayopita barabarani, na ndani hakuna mtu. Momenti ya juu ya B inabaki −60, kwa kuwa inategemea mizigo ya roshani tu, lakini A inashuka hadi 32 kN. Momenti ndani ya AB inakuwa 32x − 7x², na sifuri yake inahamia mita 4.57. Sehemu inayobinuka sasa inaingia ndani ya nyumba mita 1.43 kutoka B, wala si mita 1 tena.

Bado hatujaongeza vigezo vya usalama. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo, mzigo wa kudumu huzidishwa kwa 1.4 na wa watu kwa 1.6 pale unapoleta madhara, na mzigo wa kudumu unaosaidia huachwa kwa 1.0. Roshani inapata 29.2 kN kwa mita na 14 kN kwenye ncha, na ndani inabaki 14. Momenti ya juu ya B inafika −86.4 kNm, A inabaki na 27.6 kN, na sifuri inakuja mita 3.94 kutoka A. Eneo linalobinuka limefika mita 2.06 ndani ya nyumba, zaidi ya mara mbili ya ule mchoro wa kwanza uliokuwa umefunga vizuri na kupendeza macho.

Hatua ya 8: Kutoka kwenye mchoro hadi kwenye nondo

Nondo za juu zianzie ncha C, zipite juu ya B, na ziingie ndani mita 2.06 pamoja na nyongeza ya kushikwa na zege. Nyongeza hiyo haipungui kina cha boriti kinachofanya kazi (kutoka katikati ya nondo hadi uso wa boriti ulio upande wa pili) au mara 12 ya kipenyo cha nondo, kutegemea kipi ni kirefu. Kwa boriti hii inatosha mita 0.4, nami huandika mita 2.5 kwenye mchoro. Nondo za chini ndizo kuu kuanzia A hadi karibu na B. Ringi zisongamane zaidi pande zote mbili za B, hasa upande wa ndani, kwa sababu ndipo nguvu ya kukata ilipo kubwa kuliko kwingine.

Siku ya kumwaga zege, nondo za juu ndizo zinazokanyagwa na wabeba ndoo. Zikishuka sentimita 5, kina kinachofanya kazi kimepungua kwa karibu sehemu moja ya nane, na uwezo wa boriti juu ya B unapungua kwa kadiri hiyohiyo. Mwambie msimamizi wa fundi apitishe ubao wa kutembelea juu yake kabla ya ndoo ya kwanza. Zege likiwa bado bichi, mtu achomeke waya uliotiwa alama ya milimita 40 juu ya nguzo B: waya ukizama hadi alama bila kugusa nondo, zinyanyuliwe hapohapo.