Pumu ya aleji au isiyo ya aleji? Namna ya kusoma majibu ya vipimo vyako

Wengi wetu tunaambiwa tu una pumu, tunapewa pampu ya bluu tunaondoka, hakuna anayekaa chini akueleze yako ni ya aina gani, na hilo linaniuma kweli manake aina ndo inayokwambia ukwepe nini na dawa ipi itakufaa. Mdogo wangu kabanwa kifua miaka na miaka ndo tukaja kujua, kwa hiyo naandika kama navyomwelekezaga yeye.

Kabla hujatoa hela ya maabara chukua daftari. Andika ilianza ukiwa na umri gani, kama utotoni ulikuwa na pumu ya ngozi au chafya za kila asubuhi, nani kwenye ukoo anayo, na inakubana ukikutana na nini. Iliyoanza utotoni, ikiamshwa na vumbi la godoro, mende au paka, mara nyingi ni ya aleji. Ikianza ukubwani, inakuja baada ya mafua, au una vinyama puani na ukimeza aspirini au ibuprofeni kifua kinabana, hapo fikiria isiyo ya aleji (na hizo dawa achana nazo, mwambie daktari). Moshi wa mkaa hauna cha aina, unawabana wote.

Sasa vipimo. Anza na FBP, kile kipimo cha damu cha kuhesabu seli zote, ipo karibu kila hospitali na sio ghali. Tafuta mstari wa eosinofili, hizi ni seli nyeupe zinazovimbisha njia za hewa. Watu wengi wanasoma asilimia tu wanaishia hapo, we piga hesabu: chukua jumla ya seli nyeupe, zidisha kwa asilimia ya eosinofili, gawa kwa 100. Mfano seli nyeupe ni 6,000 kwa maikrolita ya damu na eosinofili ni 5%, unapata 300. Kwa mwenye pumu, kuanzia 300 madaktari wanaihesabu iko juu, na kuanzia 150 tayari wanaanza kuiangalia. Pima saa zilezile kila ukienda, manake asubuhi zinashuka na usiku zinapanda, na kama umemeza prednisoloni (vidonge vya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe) siku za karibuni sema, hiyo inazishusha sana unaweza ukadhani umepona kumbe ni dawa.

Halafu hili la minyoo, ndugu zangu, msilipite. Minyoo na kichocho vinapandisha eosinofili na vinapandisha IgE (kingamwili ya aleji, naieleza hapo chini) vilevile, kwa hiyo huku kwetu majibu ya juu peke yake hayasemi aleji. Pima choo kwanza, ukikutwa nayo tibiwa, subiri wiki kadhaa ndo urudie damu, usirudie kesho yake kwa sababu minyoo ikifa eosinofili zinaweza kupanda zaidi kwa muda.

IgE ni kingamwili inayobeba aleji. Ile ya jumla inakupa picha tu, usiilipie peke yake kama hela ni ya kubana. Inayokata mzizi wa fitina ni IgE ya kitu maalumu, mfano utitiri wa vumbi au mende, kawaida kuanzia 0.35 kU/L wanasema mwili unakitambua, au kipimo cha kuchoma ngozi kidogo kwa kisindano chenye kitu hicho, ambapo uvimbe wa milimita 3 au zaidi kupita ule wa tone la maji ya chumvi la kulinganishia unahesabika. Cha ngozi acha dawa za aleji kama setirizini karibu wiki nzima kabla, cha damu hazina shida. Na majibu hayo lazima yaendane na daftari lako, kama damu inasema paka na we unalala na paka bila kukohoa, paka sio mwizi wako.

Usije ukadhani isiyo ya aleji maana yake eosinofili ziko chini. Kuna seli nyingine za kinga zinazoziita bila kupitia IgE kabisa, ndo maana mtu kipimo cha aleji kinatoka safi na eosinofili ni 600.

Kuhusu vinasaba, usinunue kipimo. Mwaka 2007 watafiti waligundua eneo la kromosomu ya 17 lenye jeni ya ORMDL3 linalohusiana na pumu ya utotoni, zikaja jeni nyingine, IL33 na TSLP, ila kila moja inaongeza hatari kidogo tu na baadhi zinagusa aina zote mbili, hakuna hata moja inayoweza kukwambia we una ipi. Daftari lako la ukoo linakusaidia zaidi.

Ukienda kwa daktari beba daftari, FBP zako zote na tarehe ulizomeza prednisoloni, muulize kuhusu pampu yenye stiroidi, manake ile ya bluu inafungua tu kifua, uvimbe inauacha palepale. Na wakati unasubiri majibu usiache pampu ulizoandikiwa, zitumie kama daktari alivyokwambia.