Somo: Chuma kwenye damu kimekwisha, au kimefungiwa?

Kila ninapoletewa karatasi ya majibu iliyoandikwa "chuma: chini", huuliza kwanza: mwenye damu alikuwa na homa siku hiyo? Chuma huwa chini kwa sababu kimekwisha mwilini, au kwa sababu seli za kinga zimekifungia ndani. Mashine haitofautishi haya mawili. Somo hili ni la wanafunzi wa maabara, wauguzi na yeyote anayelazimika kuisoma karatasi hiyo.

Hatua ya 1. Chupa
Chukua damu asubuhi, maana chuma cha kwenye damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Tumia chupa ya kifuniko chekundu. Ya zambarau iache kabisa kwa kipimo hiki: ina EDTA, dawa inayozuia damu kuganda kwa kunyakua madini, na chuma nacho inakinyakua. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kupima chuma kwenye chupa za zambarau, na majibu yote yakatoka karibu na sifuri. Wagonjwa ikabidi waitwe tena. Namkumbuka mtoto mmoja aliyeuficha mkono wake ndani ya kanga ya mama yake alipoona sindano ya pili. Tangu siku hiyo natazama rangi ya kifuniko kabla ya kutazama jina.

Hatua ya 2. Seramu
Acha damu igande kama nusu saa, izungushe kwenye mashine, kisha uchote maji ya juu. Yakiwa manjano, endelea. Yakiwa ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka. Omba sampuli nyingine.

Hatua ya 3. Vipimo vinne
Chuma, transferini, feritini na CRP. Transferini ndiyo inayobeba chuma kwenye damu, atomi mbili kwa kila molekuli. Feritini ni ghala: moja inaweza kuhifadhi hadi atomi 4,500. CRP haishiki chuma, ila hupanda mwili unapopambana na maambukizi, na bila hiyo feritini itakudanganya. Fedha zikitosha vipimo viwili tu, chagua feritini na CRP.

Hatua ya 4. Hesabu
Zidisha transferini (gramu kwa lita) mara 25, upate uwezo wa damu kubeba chuma. Gawanya chuma (mikromoli kwa lita) kwa jibu hilo, zidisha mara 100.

Mgonjwa wa kwanza: chuma 8, transferini 3.2. Uwezo ni 80, kwa hiyo mzigo uliobebwa ni 10%.
Mgonjwa wa pili: chuma 5, transferini 1.6. Uwezo ni 40, mzigo 12.5%.

Kwa kawaida mtu huwa kati ya 20% na 45%, hivyo wote wawili wako chini. Ukiishia hapa utawapa vidonge wote wawili.

Hatua ya 5. Soma vyote pamoja
Wa kwanza ana feritini 7 (mikrogramu kwa lita) na CRP 2 (miligramu kwa lita). Ghala ni tupu, na ini limeongeza wabebaji wa kutafuta chuma. Huyu amepungukiwa kweli.
Wa pili ana feritini 180 na CRP 60. Ghala lina mzigo, ila mlango umefungwa.

Hapa ndipo seli za kinga zinapoingia, na naomba msipite haraka. Kila siku makrofeji, seli za kinga zinazomeza, za kwenye wengu na ini humeza chembe nyekundu zilizozeeka na kurudisha kwenye damu miligramu 20 hadi 25 za chuma. Utumbo huingiza miligramu 1 au 2 tu. Kwa hiyo chuma cha leo kwenye damu yako karibu chote kimepitia mikononi mwa seli za kinga. Mlango wake wa kutokea unaitwa feropotini. Maambukizi yakiingia, seli za kinga hutoa ujumbe uitwao IL-6, ini likiupokea humwaga homoni ya hepsidini, na hepsidini huufunga mlango ule. Vijidudu vingi navyo vinahitaji chuma ili vizaliane. Mwili unavinyima chakula.

Ndiyo maana jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2006 lilitushtua. Watoto wadogo walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, na hatari ya kulazwa au kufa ikapanda kwa 12%. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliopungukiwa chuma na damu kwelikweli walinufaika. Kipimo cha kabla ya kidonge kina uzito wa namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mipaka hii mwaka 2020: mtoto chini ya miaka 5 amepungukiwa feritini ikiwa chini ya 12, au chini ya 30 akiwa na maambukizi. Kwa wakubwa ni 15, na 70 wakiwa na maambukizi.

Hatua ya 6. Kwa wanaofanya utafiti
Chukua chupa ya pili, yenye heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mimina damu iliyozimuliwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli (gramu 1.077 kwa mililita), zungusha kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 30 bila breki. Utaona utando mweupe mwembamba katikati. Hizo ndizo limfosaiti na monosaiti, seli za kinga. Ziamshe kwa PHA, protini ya maharage inayozifanya limfosaiti zigawanyike, siku mbili au tatu, kisha pima CD71, mlango unaopokea transferini. Hupanda sana, kwa kuwa seli inayogawanyika inahitaji chuma. Mwaka 2016 watafiti walieleza watoto waliozaliwa na kasoro kwenye mlango huo. Kinga yao ilikuwa dhaifu mno.

MASWALI

Mwanafunzi: Mwalimu, hiyo 25 imetoka wapi?
Jibu: Moli moja ya transferini ni kama gramu 79,600. Gramu moja basi ni mikromoli 12.6, na kila molekuli hubeba atomi mbili. Mbili mara 12.6 ni 25.

Muuguzi wa zahanati: Shikamoo dada. Sisi CRP hatuna kabisa.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pima joto, pima malaria, uliza kikohozi na kuhara. Feritini ikiwa chini ya 12 iamini hata kama mtoto ana homa, maana homa huipandisha, haiishushi. Ikiwa ya kawaida au juu, tibu ugonjwa na urudie kipimo akishapona.

Mwanafunzi: Naweza kupima zinki kwenye chupa hiyohiyo nyekundu?
Jibu: Hapana. Vifuniko vya mpira huvujisha zinki. Tafuta chupa ya bluu iliyokoza, ya vipimo vya madini. Na zinki nayo hushuka wakati wa maambukizi. Nyutrofili, aina nyingine ya seli za kinga, zimejaa kalprotektini, protini inayonyakua zinki na manganizi.

Mzazi: Mwanangu katoka kuugua malaria, feritini 210. Nimezidisha maini na mchicha?
Jibu: Hapana mama, chakula hakijakosea. Namba hiyo ni alama ya vita vilivyopita. Mpe chakula chake kama kawaida, na umwombe daktari arudie kipimo mtoto akishapona vizuri, kipimwe pamoja na CRP.