Namna ya Kuendesha Chama cha Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Chuoni

Matatizo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza huwapata wengi kwa siku moja: mtihani umeahirishwa, bweni halina maji, karo imepanda, na kabla ya jua kuchwa chuo kizima kinajua. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu huumia peke yake. Sura ya tatu ya tasnifu yake imelala mezani kwa msimamizi tangu Februari, na kwa kuwa masomo ya darasani yamekwisha na hana tena wenzake wa kuwauliza, huanza kuamini kwamba kosa ni lake. Ndiyo maana chama cha wanafunzi hawa hakiendeshwi kwa kuiga kile cha shahada ya kwanza. Kazi yake kubwa ni kuyakusanya malalamiko yaliyotawanyika, kuyaandika kwa tarehe na idadi, na kuyafikisha kwenye kikao chenye mamlaka ya kuyaamua. Nilikuwa katibu wa chama cha namna hii kwa miaka miwili katika chuo kimoja hapa Nairobi, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningeshukuru sana kuelezwa siku ya kwanza.

Anzeni kwa kusoma katiba iliyopo

Kabla ya kuandika katiba mpya, itafuteni ile ya chama cha wanafunzi wote wa chuo chenu, pamoja na sheria ndogo za chuo zinazotaja Seneti (kikao cha chuo kinachoamua mambo ya masomo) na kamati zake, mkazisome hadi mwisho. Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, lakini haki hiyo peke yake haiwapatii kiti mahali ambapo maamuzi yanafanywa. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 yalileta utaratibu wa wajumbe, ambapo kila idara, shule au kitivo kilitakiwa kuwachagua wawakilishi watatu, nao wawachague wanabaraza wa chama cha wanafunzi. Baraza lenyewe lilipangwa kuwa na mwenyekiti, makamu wake wa jinsia nyingine, katibu mkuu, mweka hazina, na wengine watatu wa kuwakilisha maslahi maalumu ya wanafunzi.

Utaratibu huo una maana kubwa kwetu. Katika idara yenye mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na thelathini wa uzamili, si rahisi mwanafunzi wa uzamili kuchaguliwa kuwa mjumbe, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo jambo la kwanza la kudai ni kwamba katiba ya chama cha wanafunzi itenge mojawapo ya nafasi zile tatu za maslahi maalumu barazani kwa wanafunzi wa shahada za juu. Nendeni mkazungumze na viongozi wa shahada ya kwanza mapema, muda mrefu kabla ya msimu wa uchaguzi, wakati ambapo hakuna anayetafuta kura. Kwetu walikubali upesi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Jambo la pili ni kuomba mwakilishi wenu aruhusiwe kuhudhuria bodi inayosimamia masomo ya uzamili. Mtajibiwa kwamba bodi hiyo hujadili matokeo ya watu binafsi, na jibu hilo ni la haki. Basi liwekeni ombi lenu kwa namna ambayo limekwisha kulijibu pingamizi hilo: mwakilishi ahudhurie ajenda za sera, ratiba na ada, kisha atoke nje jina la mwanafunzi yeyote linapotajwa.

Wafuateni watu walipo

Mkutano wetu wa kwanza tuliuitisha Jumatano saa nane mchana. Walikuja wanne, na watatu kati yao walikuwa viongozi. Wanafunzi wengi wa uzamili jijini ni watu walioajiriwa, ambao hufika chuoni saa kumi na moja na nusu jioni wakitoka kazini, na saa mbili na nusu usiku hukimbilia matatu za Rongai pale Railways kabla nauli haijapanda. Tulipouhamishia mkutano Jumamosi, katika nafasi iliyopo baina ya kipindi cha asubuhi na cha mchana, kwenye chumba kilekile walichokuwa wakisomea, tukaleta birika la chai na mandazi, walikuja thelathini na mmoja. Mkutano usizidi dakika arobaini, na ajenda iwafikie watu siku mbili kabla.

Kikundi cha WhatsApp kinafaa kwa matangazo, lakini hakifai kwa maamuzi, kwa sababu walio wengi husoma na kunyamaza, na ukimya wao si kura. Mkikusanya namba za simu na za usajili, kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nanyi pia: waambieni watu mnazitaka kwa kazi gani, na msizitoe kwa mtu mwingine, hata mgombea mnayempenda.

Daftari la ucheleweshaji

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, nami ningependa chama chochote kinachoanza kianze hapa, hata kabla ya kuwa na nembo au mhuri. Chukueni daftari moja kubwa, au faili moja ya kompyuta, mlichore safu kwa kila hatua anayopitia mwanafunzi: pendekezo la utafiti, kuteuliwa kwa wasimamizi, kibali cha utafiti kutoka NACOSTI (tume ya serikali ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kila sura iliyowasilishwa, kuteuliwa kwa watahini, ripoti ya mtahini wa nje ya chuo, utetezi wa tasnifu, na marekebisho ya mwisho. Katika kila hatua andikeni tarehe mbili tu, tarehe ya kuwasilisha na tarehe ya kupata jibu. Msiandike jina la mwanafunzi wala la msimamizi. Namba ya mpangilio inatosha, na orodha ya majina ibaki kwa katibu peke yake.

Umuhimu wake nitauonyesha kwa yaliyotupata. Sisi sote tuliamini kwamba wanaotuchelewesha ni wasimamizi, na tulikuwa tumekwisha kuandika barua kali ya kuwalaumu. Kisha mwanachama mmoja, mwalimu wa shule ya upili kutoka Kitui, akaja na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye pembe. Akazitandaza karatasi zake juu ya dawati moja baada ya nyingine: stakabadhi za karo, barua pepe alizozichapisha, fomu zenye mihuri. Msimamizi wake alikuwa amesoma kila sura ndani ya wiki tatu au nne. Tasnifu ilikuwa imewasilishwa ikiwa kamili, na tangu siku hiyo miezi saba ilikuwa imepita bila mtahini wa nje kuteuliwa, huku yeye akilipa karo ya muhula mmoja, kisha wa pili, ili asifutwe kwenye orodha ya wanafunzi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, hizi nilizilipia nini?" Sikuwa na jibu.

Tulipowauliza wengine na kulijaza daftari, tulikuta kwamba kati ya watu ishirini na wawili waliokuwa wamewasilisha tasnifu, kumi na wanne walikuwa wamengoja zaidi ya miezi mitano katika hatua hiyohiyo moja. Barua ya kuwalaumu wasimamizi tuliichana. Badala yake tuliandika ombi la mambo mawili: kwamba majina ya watahini yapendekezwe na idara mwanafunzi anapotoa notisi ya kuwasilisha, badala ya kungoja awasilishe kwanza, na kwamba mwanafunzi asitozwe karo ya muhula mpya kwa muda wote ambao tasnifu yake iko mikononi mwa chuo. La kwanza lilikubaliwa katika kikao cha pili. La pili lilichukua mwaka mzima, na lilikubaliwa nusu.

Kuandika waraka na kuufikisha

Waraka uwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ieleze tatizo kwa idadi, ya pili ieleze chanzo chake, na ya tatu itaje kanuni mnayotaka ibadilishwe na maneno mnayopendekeza yawekwe mahali pake. Kamati yenye ajenda kumi na tano haitakaa kuwatungia suluhisho. Mwulizeni katibu wa kamati ni siku ngapi kabla ya kikao anazifunga ajenda, kwa maana waraka mzuri uliofika umechelewa hungoja hadi muhula ujao.

Kabla ya kikao, mwendeeni mkurugenzi au mkuu wa shule ya uzamili ofisini kwake, watu wawili tu, mumsomee mnachokusudia kuwasilisha. Si unyenyekevu wa kujikomba; ni adabu ya kawaida ya kutomshangaza mtu mzima mbele ya wenzake, tena mara nyingi atawaonyesha kosa ambalo lingewaaibisha. Mkubwa mmoja alituambia, "Nileteeni karatasi, msiniletee umati," na alipoletewa karatasi aliitetea kuliko tulivyoweza kuitetea sisi.

Mkinyimwa takwimu, kwa mfano idadi ya waliojiandikisha na waliohitimu kwa kila mwaka, chuo cha umma kinabanwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Andikeni ombi kwa maandishi, mtaje sheria hiyo bila vitisho, mhifadhi nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwanafunzi akiathiriwa na uamuzi, tuseme amefutwa masomoni, Ibara ya 47 ya Katiba pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ofisi ya Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, hupokea malalamiko pale njia za ndani zinapofungwa.

Maandamano nayo ni haki, chini ya Ibara ya 37, ilimradi yawe ya amani na bila silaha. Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipotangaza kupandisha karo, zikiwemo za uzamili, wanafunzi waliingia barabarani. Mkiamua kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wapewe notisi isiyopungua siku tatu wala kuzidi siku kumi na nne. Lakini pimeni vizuri: mwanachama mwenye ajira na watoto hawezi kuacha kazi siku ya Jumanne, na maandamano ya watu kumi huonyesha udhaifu wenu.

Yasiyoandikwa daftarini

Yapo malalamiko ambayo chama hakina ruhusa ya kuyageuza kuwa takwimu. Mwanafunzi akija kusema kwamba msimamizi anamtaka kimapenzi, au anamtishia, msikilizeni faraghani, msimwulize maswali ya udadisi, msiahidi kulimaliza wenyewe. Mwelezeni ofisi inayopokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia chuoni, mshauri wa wanafunzi, na polisi ikiwa ni jinai, kisha mmoja wenu amsindikize akitaka. Uamuzi wa kuendelea ni wake. Ombi la kubadilishiwa msimamizi linaweza kuandikwa bila kueleza yote, na katibu anapaswa kujua fomu inayohusika.

Kuhusu fedha, nina machache. Michango iingie kwenye akaunti ya chama yenye watia saini wawili au zaidi, kamwe isiingie kwenye M-Pesa ya mweka hazina, na hesabu zisomwe kila muhula.

Makabidhiano

Viongozi wa shahada za juu huondoka ghafla: huyu ameenda Turkana kukusanya data kwa miezi minne, yule amehitimu, mwingine amepata uhamisho wa kazi. Mchagueni naibu katibu miongoni mwa walio mwaka wa kwanza, wanaosoma bado darasani, ili akae na katibu kwa muhula mzima kabla ya kuishika kazi. Faili ya chama iwe na kumbukumbu za mikutano, nakala za barua zote zenye mihuri, majibu yaliyopokelewa na daftari lenyewe. Siku ya makabidhiano, katibu anayeondoka na anayeingia waketi pamoja walifungue daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, na kila mwanachama ambaye safu yake ya tarehe ya jibu bado iko tupu wampigie simu siku hiyohiyo, wamweleze ni nani sasa anayelifuatilia jambo lake.